Kugawanya mzigo wa data katika njia nyingi: kinga ya huduma za mtandao kuanzia kituo cha data hadi Kabwe

Bandari ya Kabwe, iliyopo Wilaya ya Nkasi mkoani Rukwa, ni miongoni mwa bandari za Ziwa Tanganyika zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA). Nafaka na bidhaa za viwandani huteremka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa hadi ufukweni hapo na kuvuka ziwa kuelekea Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kutoka ziwani, dagaa na migebuka hupanda kuelekea Namanyere, Sumbawanga na masoko ya mbali zaidi.

Siku hizi safari ya mzigo huo hutegemea pia safari nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ni ya data. Tozo za bandari na ada nyingi za taasisi za umma hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12, inayotolewa kupitia Mfumo wa Kielektroniki wa Ukusanyaji wa Fedha za Umma (GePG) ulioanza kutumika mwaka 2017. Mfanyabiashara anapolipa kwa simu akiwa gatini, malipo yake hayakamiliki kwa kubonyeza kitufe. Hukamilika pale taarifa zake zinapokuwa zimeandikwa katika diski za mtambo wa kuhifadhi data, pengine umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, na jibu likarejea.

Jibu hilo lisiporejea, mwananchi huambiwa kuwa mfumo unasumbua. Maneno hayo mawili hubeba sababu nyingi. Huenda mnara wa simu umepoteza umeme, faiba imekatwa barabarani, au seva imezidiwa. Ipo pia sababu isiyofahamika kwa wengi, iliyo ndani ya kituo cha data chenyewe: njia zinazounganisha seva na mtambo wa kuhifadhi data zimejaa, zimekatika, au mzigo umegawanywa vibaya baina yake. Makala haya yanaeleza namna njia hizo zinavyofanya kazi, na kwa nini kuwa na njia nyingi peke yake hakutoshi kulinda huduma.

Safari ya ombi moja

Ombi la malipo linalotoka Kabwe hupita kwanza katika mtandao wa simu, kisha katika miundombinu ya mawasiliano ya nchi, ukiwemo Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009. Sehemu hii ya safari ni ndefu kwa kilomita lakini fupi kwa muda. Nuru ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kilomita 1,000 huchukua milisekunde tano tu, yaani sehemu tano za elfu moja ya sekunde.

Ombi likifika katika kituo cha data hupokelewa na seva, ambayo ndiyo hufanya hesabu: hutambua namba ya malipo, hulinganisha kiasi na kuandaa stakabadhi. Hata hivyo, katika vituo vikubwa seva kwa kawaida haihifadhi kumbukumbu ndani yake yenyewe. Kumbukumbu hukaa katika mtambo tofauti wenye diski nyingi, unaotumiwa na seva kadhaa kwa pamoja. Baina ya seva na mtambo huo kuna umbali wa mita chache, lakini ombi moja la mwananchi linaweza kuzivuka mita hizo mara kadhaa: mara ya kwanza kusoma deni, mara ya pili kusoma akaunti ya taasisi, mara ya tatu kuandika malipo, na mara ya nne kuandika kumbukumbu ya ukaguzi.

Hivyo basi, mita hizo chache zinaweza kuchelewesha huduma kuliko kilomita 1,000 za faiba.

Njia nne, diski moja

Seva ingeunganishwa na mtambo wa kuhifadhi data kwa waya mmoja, waya huo ungekuwa roho ya huduma nzima. Ukilegea, mfumo wote ungesimama ingawa seva ni nzima na diski ni nzima. Ndiyo maana wahandisi huweka zaidi ya njia moja.

Mpangilio uliozoeleka ni huu: seva huwekewa kadi mbili za mawasiliano. Kadi ya kwanza huunganishwa na swichi ya kwanza, na kadi ya pili huunganishwa na swichi ya pili. Kila swichi nayo huunganishwa na vidhibiti viwili vya mtambo wa kuhifadhi data. Kidhibiti ni kompyuta ndogo inayopokea maombi na kuyapeleka katika diski. Kadi mbili mara vidhibiti viwili ni njia nne. Kadi, swichi, waya au kidhibiti kimoja kikiharibika, bado kuna njia ya kuifikia data.

Mpangilio huo huleta tatizo lake. Seva, kwa kuwa inaifikia diski ileile kupitia njia nne, huiona kana kwamba ni diski nne tofauti. Ikiachwa katika dhana hiyo, programu mbili zinaweza kuandika mahali pamoja bila kujuana na kuharibu kumbukumbu. Kwa sababu hiyo hutumika programu maalumu ya kusimamia njia. Programu hiyo husoma namba ya utambulisho ambayo kila diski hubeba, hugundua kuwa diski nne zinazoonekana ni moja, kisha huziunganisha na kuziwasilisha kwa seva kama kitu kimoja. Kuanzia hapo, programu hiyo ndiyo huamua kila ombi lipite njia ipi.

Uamuzi huo ndio unaoitwa kugawanya mzigo.

Namna tatu za kugawanya

Namna hizo zinaeleweka kwa kutazama chombo kinachopakiwa ufukweni. Tuseme kuna mbao nne za kupandia chomboni na wabeba mizigo wengi wenye magunia. Msimamizi anaweza kuwapanga kwa namna tatu.

Namna ya kwanza ni zamu. Wa kwanza hupita ubao wa kwanza, wa pili ubao wa pili, mpaka wa nne, kisha zamu huanza upya. Ni namna nyepesi isiyohitaji msimamizi kutazama kinachoendelea. Katika kompyuta, zamu inaweza kubadilishwa baada ya kila ombi moja au baada ya idadi fulani ya maombi. Kwa miaka mingi programu kadhaa zilikuwa zikituma maombi 1,000 katika njia moja kabla ya kuhamia nyingine. Namna hii hufaa pale njia zote zinapokuwa na uwezo sawa na magunia yanapokuwa na uzito sawa.

Namna ya pili ni kutazama foleni. Kila anayefika huelekezwa kwenye ubao wenye watu wachache. Hapa programu huhesabu maombi ambayo yametumwa katika kila njia na bado hayajajibiwa, kisha huchagua njia yenye idadi ndogo. Ubao ukiwa na utelezi, watu juu yake hupungua mwendo, foleni yake hurefuka, na wanaofuata hupelekwa kwingine bila msimamizi kuhitaji kujua kuwa kuna utelezi.

Namna ya tatu ni kukadiria muda wa huduma. Watu watatu wenye magunia ya kilo 100 si sawa na watu watatu wenye vikapu vya dagaa wakavu. Programu hutazama ukubwa wa data inayosubiri katika kila njia pamoja na uwezo wa njia hiyo, kisha hutuma ombi jipya mahali linapotarajiwa kukamilika mapema zaidi.

Namna hizi mbili za mwisho ziliingizwa katika kiini cha mfumo endeshi wa Linux, unaotumika katika seva nyingi duniani, kupitia toleo la 2.6.31 lililotolewa mwaka 2009. Kabla ya hapo, zamu ndiyo iliyokuwa kawaida yake.

Ipo tahadhari moja. Katika mitambo mingi ya kuhifadhi data, kila diski huwa na kidhibiti kimoja kinachoimiliki kwa wakati husika. Ombi likipitia kidhibiti cha pili hufika pia, lakini hulazimika kuzunguka ndani ya mtambo kabla ya kufikia diski. Kwa hiyo njia nne zilizoelezwa hapo juu mara nyingi huwa ni njia mbili za moja kwa moja na mbili za mzunguko. Programu iliyopangwa vizuri hugawanya mzigo katika njia za moja kwa moja na kuziweka zile za mzunguko kama akiba. Programu iliyopangwa vibaya huzichukulia zote kuwa sawa, na nusu ya maombi huchelewa bila sababu inayoonekana.

Foleni haikui kwa kadiri ya mzigo

Wengi hudhani kuwa njia iliyotumika kwa asilimia 90 ni njia iliyotumika vizuri, kwa kuwa bado imebakiza asilimia 10. Nadharia ya foleni, ambayo misingi yake iliwekwa na mwanahisabati wa Denmark Agner Krarup Erlang katika andiko lake la mwaka 1909 kuhusu simu, inaonesha kuwa sivyo.

Chukua njia moja inayohudumia ombi moja kwa wastani wa milisekunde moja, huku maombi yakifika bila mpangilio maalumu, kama wateja wanavyofika dirishani. Kanuni rahisi ya nadharia hiyo hutoa matokeo haya: njia ikitumika kwa asilimia 50, ombi hukaa kwa wastani wa milisekunde mbili, zikiwemo za kusubiri na za kuhudumiwa. Ikitumika kwa asilimia 80, hukaa milisekunde tano. Ikitumika kwa asilimia 90, hukaa milisekunde 10.

Maana yake ni kwamba kutoka asilimia 80 hadi 90, mzigo umeongezeka kwa sehemu ndogo tu lakini muda wa kukaa umekuwa mara mbili. Hii ndiyo sababu mfumo unaweza kufanya kazi vizuri kwa mwezi mzima, kisha ukaonekana kukwama ghafla siku ya mwisho ya kulipia leseni, ingawa hakuna kifaa kilichoharibika. Kilichobadilika ni kwamba foleni imevuka mahali inapoanza kukua kwa kasi.

Kugawanya mzigo kwa usawa huzuia hali hiyo isitokee mapema. Njia mbili zikigawana mzigo, moja asilimia 90 na nyingine asilimia 10, maombi yaliyo katika njia ya kwanza huteseka wakati ya pili imelala. Zikigawana asilimia 50 kwa 50, kazi ni ileile na vifaa ni vilevile, lakini kila ombi hukaa milisekunde mbili.

Njia mbovu ni hatari kuliko njia iliyokufa

Waya ukikatika kabisa, programu hugundua kuwa njia haipo na kuacha kuitumia. Tatizo gumu zaidi ni waya unaolegea, kiunganishi chenye vumbi au kifaa kinachokaribia kuharibika. Njia ya namna hiyo bado hujibu, ila kwa kuchelewa.

Tuseme kati ya njia nne, tatu hujibu kwa milisekunde moja na ya nne, ambayo ni mbovu, hujibu kwa milisekunde 41. Mfumo unaogawanya kwa zamu utaendelea kuipelekea njia hiyo robo ya maombi yote. Wastani wa muda wa kujibu utapanda kutoka milisekunde moja hadi 11. Huduma inayohitaji kusoma diski mara 10 mfululizo itatoka milisekunde 10 hadi wastani wa 110. Njia hiyo ingekuwa imekufa kabisa, huduma ingekuwa na kasi zaidi.

Mfumo unaotazama foleni au muda wa huduma hupunguza madhara hayo, kwa kuwa njia mbovu hurefusha foleni yake na kupewa maombi machache. Hata hivyo, hauyaondoi. Jukumu la msimamizi wa mfumo ni kutazama muda wa kujibu wa kila njia peke yake, kwa kuwa wastani wa jumla unaweza kuficha ubovu wa njia moja.

Suala la kusubiri lina sura nyingine pia. Njia inaponyamaza bila taarifa, mfumo haujui mara moja kama jibu limechelewa au halitakuja. Katika Linux, muda wa kawaida wa kusubiri jibu la diski kabla ya kuhesabu kuwa ombi limekwama ni sekunde 30. Wahandisi hupunguza muda huo kwa kuweka vipimo vinavyoichunguza kila njia mara kwa mara. Pasipo vipimo hivyo, mwananchi anaweza kutazama simu yake kwa nusu dakika, akaamini kuwa malipo yameshindikana, ilhali ombi lake linahamishiwa njia nyingine na litakamilika.

Ombi linapohamishwa hivyo, haliandikwi mara mbili katika diski. Kila andiko huwa na anwani yake kamili, hivyo likitumwa tena hukaa palepale lilipokusudiwa kukaa, na matokeo huwa yaleyale. Kinga hiyo ipo katika ngazi ya diski pekee. Mwananchi anayeanzisha malipo mapya huwa ameanzisha ombi jipya kabisa, na mfumo wa diski hauna namna ya kujua kuwa nia yake ilikuwa moja.

Akiba ndiyo kinga

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Njia ya pili huwekwa kwa madhumuni mawili: kuongeza kasi wakati wote ni wazima, na kubeba mzigo wakati mmoja ameanguka. Madhumuni haya mawili huvutana. Taasisi inayotumia njia zote mbili kwa ukamilifu ili kupata kasi huwa imekula akiba yake bila kujua.

Hesabu yake ni nyepesi. Njia mbili zikitumika kila moja kwa asilimia 70, huduma itaonekana nzuri. Moja ikikatika, iliyobaki itatakiwa kubeba asilimia 140 ya uwezo wake, jambo lisilowezekana. Mfumo utasimama ingawa kwenye karatasi una njia mbadala. Zikitumika kwa asilimia 40 kila moja, iliyobaki itabeba asilimia 80. Huduma itapungua kasi lakini itaendelea.

Kwa njia nne hesabu hubadilika. Zikitumika kwa asilimia 60 kila moja na moja ikikatika, tatu zilizobaki zitabeba asilimia 80 kila moja. Mtu angeweza kuhitimisha kuwa njia nne huruhusu matumizi makubwa zaidi kuliko njia mbili. Hitimisho hilo ni sahihi tu iwapo njia nne haziharibiki kwa pamoja. Katika mpangilio ulioelezwa hapo awali, njia mbili kati ya nne hupita katika swichi moja. Swichi hiyo ikizimika, njia mbili huondoka kwa mara moja, na mbili zilizobaki zitatakiwa kubeba asilimia 120 kila moja.

Kwa hiyo kinachohesabiwa si idadi ya njia, bali idadi ya vitu vinavyoweza kuharibika na njia ngapi zitaondoka pamoja na kila kimoja. Waya nne zinazopita katika swichi moja ni sawa na waya mmoja siku swichi hiyo inapozimika. Seva yenye kadi mbili zilizochomekwa katika chanzo kimoja cha umeme haina njia mbili siku umeme huo unapokatika.

Funzo la Mei 2024

Kanuni hiyo haiishii ndani ya kituo cha data. Tanzania iliishuhudia kwa kiwango kikubwa tarehe 12 Mei, 2024, pale mikongo miwili ya baharini, SEACOM na EASSy, ilipopata hitilafu katika eneo la kusini mwa Afrika. Mikongo hiyo ilianza kutoa huduma mwaka 2009 na 2010 mtawalia, na sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya nchi na ulimwengu ilikuwa ikiitegemea. Huduma ya intaneti ilizorota nchini na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki na Kusini, kisha ikarejea hatua kwa hatua kadiri watoa huduma walivyoelekeza mawasiliano katika njia nyingine wakati ukarabati ukiendelea.

Tukio hilo lilionesha mambo mawili yaleyale yaliyoelezwa kuhusu diski. Kwanza, njia mbili zenye majina tofauti na wamiliki tofauti zinaweza kuanguka siku moja zikiwa zinapita katika bahari moja. Pili, njia iliyobaki husaidia kwa kadiri ya nafasi iliyoachwa ndani yake. Mkongo mzima ambao tayari umejaa hauwezi kupokea mzigo wa mkongo uliokatika.

Lilionesha pia umuhimu wa kuhifadhi mifumo ya umma ndani ya nchi. Data iliyo katika kituo kilichopo nchini, kama Kituo cha Taifa cha data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, haihitaji kuvuka bahari ili kumfikia mwananchi aliyepo Nkasi. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya Mwaka 2019, iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), iliweka msingi wa kisheria wa kuratibu na kusimamia matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma, badala ya kila taasisi kwenda peke yake.

Mipaka ya njia nyingi

Ni muhimu kutochanganya njia nyingi na nakala rudufu. Njia nne zinazoelekea katika diski moja hulinda dhidi ya kukatika kwa njia, hazilindi dhidi ya kuharibika kwa kumbukumbu. Mtumishi akifuta faili kwa makosa, au mhalifu wa mtandao akiharibu data, njia zote nne zitafikisha amri hiyo kwa uaminifu uleule. Kinga ya hatari hiyo ni nakala rudufu zinazohifadhiwa mahali pengine na kujaribiwa kuwa zinaweza kurejeshwa.

Vilevile, njia nyingi ndani ya kituo hazisaidii iwapo kituo chenyewe kimepata moto au mafuriko. Kwa hali hiyo huhitajika kituo cha pili katika eneo jingine. Kila ngazi ina kinga yake, na hakuna moja inayoziba pengo la nyingine.

Maswali ya kuulizwa na taasisi

Viongozi wa taasisi za umma si lazima wawe wahandisi wa kompyuta ili kusimamia jambo hili. Maswali manne hutosha kufungua mjadala na wataalamu wao wa TEHAMA.

Swali la kwanza ni matumizi ya juu kabisa ya kila njia katika saa yenye shughuli nyingi, si wastani wa siku. Wastani huchanganya saa za usiku ambazo hakuna anayelipa na saa za asubuhi ambazo wote hulipa.

Swali la pili ni kitu gani kimoja kikizimika kitaondoa njia nyingi zaidi, na je, zilizobaki zitatosha.

Swali la tatu ni lini mara ya mwisho waya ulichomolewa kwa makusudi, katika saa zisizo na shughuli nyingi, ili kuthibitisha kuwa mzigo unahamia njia nyingine. Njia mbadala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Swali la nne ni nani hupata taarifa njia moja inapokufa. Mfumo wenye njia nyingi huendelea kufanya kazi baada ya kupoteza njia ya kwanza, na huo ndio uzuri wake na pia hatari yake. Pasipo taarifa, njia ya kwanza inaweza kukaa imekufa kwa miezi bila mtu kujua, mpaka siku ya pili nayo inapokatika.

Wajibu wa mwananchi

Kwa upande wa mwananchi, kuelewa safari hii husaidia kufanya uamuzi sahihi pale huduma inapochelewa. Malipo yasipojibiwa mara moja, ni vyema kusubiri kwa dakika chache, kutazama ujumbe wa benki au wa mtandao wa simu, na kuthibitisha kama fedha zimekatwa. Iwapo zimekatwa, mlipaji anashauriwa kumwomba afisa wa taasisi husika aangalie hali ya malipo kwa kutumia namba ileile ya kumbukumbu, kabla ya kuomba namba mpya au kulipa tena. Ujumbe wa muamala usifutwe mpaka stakabadhi ipatikane.

Aidha, mwananchi anayetoa taarifa ya tatizo ataharakisha ufumbuzi iwapo ataeleza saa kamili, namba ya kumbukumbu ya malipo na hatua ambayo mfumo ulikwamia. Taarifa kuwa mfumo unasumbua haimwoneshi mtaalamu pa kuanzia. Taarifa kuwa namba ya malipo ilitolewa saa nne na dakika kumi, fedha zikakatwa, na stakabadhi haikuja, humwonesha kuwa mawasiliano ya kutoka Kabwe yalifika, na kwamba pa kutafuta ni ndani ya kituo, ikiwemo katika zile mita chache kati ya seva na diski.